Matandiko ya Mbwa na Paka

Niragira alikuwa akipepeta maharage mbele ya nyumba, kule Murukulazo, mumewe Ansbert aliposimama mlangoni na kumwambia arudi kwao. Ndani, mwanamke aitwaye Tecla alikuwa ameshavua viatu na kuketi kitandani.

"Kwetu wapi?" Niragira aliuliza. Mama yake alikimbia vita Burundi, lakini yeye alizaliwa kambini, hapohapo Ngara, na ng'ambo hajawahi kukanyaga.

"Utapajua mwenyewe."

"Na migomba?" Yote ya nyuma ya nyumba aliipanda yeye, tangu pale palipokuwa vichaka.

"Shamba ni la ukoo wetu. Wewe chukua matandiko ya mbwa wako." Akamrushia gunia.

Gunia hilo lilijazwa majani makavu ya migomba, juu yake kumeshonewa kipande cha blanketi la kijivu la kambini. Mbwa Sungusungu na paka Ugali walililalia pamoja tangu wadogo, paka kifuani pa mbwa. Jambo hilo lilimkera Ansbert miaka yote. Mbwa na paka kulala pamoja, alisema, ni uchafu wa wakimbizi. Niragira hakulia. Alijitwisha gunia, akaondoka, wanyama wakamfuata.

Alipanga chumba nyuma ya mgahawa wa Francisca, pale Benaco, ambako magari ya Biharamulo hupakia abiria. Kulipopambazuka alifungua mlango amwage maji, akamkuta Ansbert amelala kibarazani juu ya gunia, katikati ya mbwa na paka, kwa bukta na singlendi. Sungusungu alikuwa amemwekea mguu shingoni.

"Umefuata nini?"

"Sikufuata kitu. Nimelala kwangu, nimeamkia hapa."

"Basi inuka, mbwa ajinyooshe."

Ansbert alirudi Murukulazo peku, akijikuna viroboto. Kesho yake akaamkia palepale. Alimwambia Tecla amfunge kamba kitandani. Tecla akaamka na kamba tupu. Watu wa njiani wakamzoea. Francisca alikuwa akimsalimia huku akikoleza moto wa chai.

"Mwaramutse, mzee Ansbert. Leo ulilala upande gani?"

"Wa paka."

"Afadhali. Mbwa anakoroma."

Ansbert alipeleka malalamiko kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji aliwasikiliza wote wawili, akauliza gunia ni la nani. Ansbert akakiri kwamba alilitoa mwenyewe, kwa mkono wake.

"Basi ni la huyu mama. Atalitandika anapotaka."

"Na migomba yangu?" Niragira aliuliza.

"Hiyo ni ya ukoo," mtendaji akasema, akaita shauri lingine.

Jioni ile Niragira alililowesha gunia kwa ndoo ya maji, akalitandika karibu na choo. Asubuhi Ansbert alikuwa akitetemeka, lakini Ugali naye alikuwa akikohoa. Niragira akaona amewaonea wasio na kosa. Alilianika gunia mpaka likakauka, kisha akahama kwa gari, Noah ya Biharamulo, gunia kwenye keria, mbwa miguuni, paka mapajani.

Ansbert akaanza kuamkia Biharamulo. Angeweza kubaki hukohuko, ila alihofia shamba, na zaidi alimhofia Tecla. Kila siku aliwaoshea madereva magari wambebe, akafika Murukulazo giza likiingia, akala chakula kilichopoa, akajilaza. Kukicha yuko katikati ya mbwa na paka.

"Nihurumie, Niragira. Lichome moto."

"Nikilichoma, hawa watalalia nini?"

"Basi rudi nyumbani."

"Tecla aende wapi?"

Ansbert akamsogeza mbwa, akaketi.

"Na shamba utaniandikia?"

"Ukoo hautakubali."

"Basi wahi gari."

Niragira alikunywa uji wake polepole, akimtazama anavyojikuna kuelekea stendi. Uji haukuwa na sukari, lakini siku hizo aliuona mtamu.

Msimu wa mvua Francisca alikuja Biharamulo msibani, akapita kumsalimia. Alieleza kwamba Tecla amewaleta kaka zake, wanakata mikungu na kuiuza, na nyumba wameiezeka upya. Ansbert akifika jioni hukaribishwa kama mgeni.

Niragira alicheka mpaka akashika mbavu. "Na ule ukoo unasemaje?"

"Unasema nini? Unakunywa pombe ya ndizi hizohizo."

Kicheko kikamkatika. Aliikumbuka ile migomba, shina kwa shina, na mikono yake iliyoichimbia mashimo.

Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa imekatika. Ansbert alikuwa bado amelala kwenye gunia, amekonda, mdomo wazi, Ugali amejikunja tumboni pake na Sungusungu akimlamba sikio. Niragira aliwaruka wote watatu, akachukua jembe, akaenda kulima kibarua kwenye shamba la mtu.