Afundishaye Hana Jina

Jumanne ya tarehe 10 Machi 2009, saa nne na nusu asubuhi, Asumpta aliwagawia wanafunzi ishirini na wawili wa darasa la kumi vitambaa vyeupe vya pamba, kila kimoja nusu ya ukubwa wa kanga. Ilikuwa siku ya kupiga chapa. Nje, theluji ya Malvern, mtaa huo wa ughaibuni, ilikuwa imegeuka tope.

Kwa wiki tatu walikuwa wamechora kwa penseli: kwanza pindo, upana wa vidole vinne pande zote, kisha mji, yaani uwanja wa katikati, mwisho jina, ule msemo unaokaa chini ya mji. Kanga isiyo na jina ni kitambaa tu, aliwaambia. Wanafunzi sita walikuwa na Kiswahili nyumbani, hao waliagizwa wakaulize kwa wazazi. Wengine walichagua kwenye orodha ubaoni. Kila mmoja alichonga jina lake kinyume kwenye kipande cha mpira, ili likipigwa chapa lisomeke.

Godson alichonga MAMA NI MAMA. Sabika, ambaye bibi yake alizaliwa Arusha, alichonga SUBIRA YAVUTA HERI. Vitambaa vilipoanikwa kwenye kamba kando ya dirisha, vyote ishirini na viwili vilikuwa na jina moja: AFUNDISHAYE HANA JINA.

Asumpta alikagua vipande vya mpira. Cha Godson bado kilikuwa na MAMA NI MAMA, na herufi N haikugeuzwa. Alikipaka wino, akakigandamiza kwenye karatasi. Karatasi nayo ikatoa AFUNDISHAYE HANA JINA.

"Miss, so nimefeli?" aliuliza Godson.

"Hujafeli. Pindo lako limepinda, nimekukata alama mbili."

"And the words?"

"Maneno si kosa lako."

Godson aliridhika, akaenda kunawa mikono.

Asumpta alikuwa amefundisha sanaa kwa miaka kumi na mmoja katika sekondari ya wasichana Morogoro. Hapa Malvern aliajiriwa kama msaidizi wa darasa. Kwenye ratiba, somo la sanaa ya nguo lilikuwa la Mumtaz, mkuu wa idara, ambaye kwa miaka miwili alikuwa ameingia chumba hicho mara mbili, mara moja akitafuta mkasi. Asumpta aliandaa masomo, alifundisha, alisahihisha. Mumtaz alitia sahihi.

Baraza la walimu lilikuwa tayari kumpa Asumpta leseni ya kufundisha kwa sharti moja: barua ya kuthibitisha kwamba amefundisha darasa mwenyewe kwa miaka miwili, ifike kabla ya tarehe 27 Machi. Aliyepaswa kuiandika alikuwa Mumtaz. Asumpta alikuwa amemwomba mara tatu.

"Inshallah, mwenzangu," alijibu Mumtaz kila mara, kwa lafudhi ya Mombasa alikozaliwa. "Wacha pilikapilika zipungue."

Barua hiyo ingesema pia, bila kusema, kwamba Mumtaz hakufundisha.

Siku iliyofuata mkuu wa shule alikuja kuona vitambaa, Mumtaz akiwa nyuma yake. Alivipenda. Aliagiza vitundikwe ukumbini na viwekewe kibao cha maelezo. Kisha akamuuliza Mumtaz maana ya maneno yale.

Mumtaz alivitazama vyote, kutoka cha kwanza hadi cha mwisho.

"Elimu haina mwisho," alimwambia kwa Kiingereza.

"That's not what it says," alisema Sabika kutoka kwenye meza yake.

"Mimi nimezaliwa Mombasa, mwanangu," alisema Mumtaz kwa Kiswahili, bila kukasirika. "Kiswahili chenu cha hapa ni cha kuokoteza." Akamtafsiria mkuu kwamba zipo lahaja nyingi. Mkuu akaandika kwenye daftari lake.

Asumpta angeweza kusema. Lakini mvaaji wa kanga haisomi kwa sauti mbele ya aliyekusudiwa. Akiisoma ameanzisha ugomvi. Naye aliyekusudiwa haulizi kama anasemwa yeye, akiuliza amekiri. Wanawake hao wawili walilijua jambo hilo sawasawa.

"Why didn't you say something?" Sabika alimuuliza walipobaki peke yao.

"Nimeshasema. Imeandikwa mara ishirini na mbili."

"But he can't read it, Miss."

"Anayehusika anasoma."

Sabika alisema, kwa Kiingereza, kwamba anayehusika siye mwenye kuamua, mwenye kuamua ni mkuu. Asumpta alimwambia aoshe brashi.

Ijumaa Mumtaz alikuja kazini amejitanda kanga juu ya koti la baridi. Ilikuwa na pindo la korosho. Aliinunua Mombasa mwaka 1986, ikiwa na jina la harusi. Asubuhi hiyo ilisomeka: NILIVUMILIA NAWE VUMILIA. Ilikuwa kweli. Kati ya mwaka 1989 na 1998 Mumtaz alifundisha uchoraji katika shule nyingine, mtaa wa Agincourt, chini ya jina la mtu mwingine, na barua yake ilichelewa miaka tisa.

Asumpta aliisoma taratibu.

"Imekupendeza," alisema.

"Ahsante, mwenzangu. Ya zamani hii."

"Wala haijachuja."

"Hizi hazichuji."

Tarehe 27 ilifika, ikapita. Mwezi wa Aprili baraza lilimwandikia Asumpta kwamba jalada lake limefungwa, na kwamba anaruhusiwa kuomba upya kuanzia hatua ya kwanza. Ukumbini, kibao kiliendelea kueleza kwamba elimu haina mwisho. Wageni walikipiga picha.

Kwa kuwa vitambaa vilisifiwa, Septemba ratiba ilionyesha madarasa mawili ya sanaa ya nguo, yote ya Mumtaz. Asumpta aliagiza vitambaa arobaini na vinne. Wanafunzi wapya walipouliza wachonge nini kwenye nafasi ya jina, aliwaambia waiache tupu, itajijaza. Ilijijaza, jina lilelile. Alisahihisha mapindo, akajumlisha alama, akapeleka fomu ofisini, na Mumtaz akatia sahihi.