Lukas wa Sehemu ya Pili

Jawad hakuwa mtu wa kukurupuka. Duka la babu yake, mzee Mohamedjaffer, lilikuwa limekaa miaka na rafu tupu, na sasa biashara imefunguliwa, redio na feni za Dubai zimejaa hadi darini. Chumba cha nyuma alikitenga akaweka televisheni, mashine ya gemu na mabenchi mawili, na vijana wa mtaa wa Rasbura wakahamia humo jumla. Lakini sidii mpya ya gemu hakuinunua mpaka Cletus, bingwa wa chumba hicho, aionje kwanza. Mjomba wa Jawad aliyeko Dar humletea kwa majaribio, na Cletus akisema haifai, inarudi na basi.

Jumamosi hiyo ilifika sehemu ya pili ya gemu waliloliita Barabara. Sehemu ya kwanza Cletus aliicheza mpaka vidole vikaota sugu. Ilikuwa na majitu, wachawi, na binti wa mfalme wa kuokolewa, lakini binti huyo alioza huko mnarani akisubiri, maana Cletus hakuwa na habari naye. Yeye alitafuta majambazi wa njiani. Aliwafyeka shingo, akawafyeka mikono, na wale waliotupa silaha na kuinua mikono juu akawafyeka vilevile. Kila aliyeanguka aligeuka moshi, njia ikabaki safi.

Sababu yake kila mtu aliijua. Mwaka uliotangulia, kaka yake Lukas alikuwa anarudi kutoka Kitomanga na baiskeli yenye gunia la korosho, majambazi wakamsimamisha. Walimkata panga la shingo, na kabla ya hapo walimkata mkono aliouinua kujikinga. Cletus ndiye aliyeubeba ule mkono ndani ya shuka. Waliofanya hivyo hawakujulikana mpaka leo. Basi shujaa wake wa kwenye gemu alimpa jina la Lukas, akalihifadhi kwenye memori kadi, na kila alasiri Lukas akaamka na kulipiza.

Hapo alikosea, na alikosea vibaya. Kwao jina la marehemu halichukuliwi hivihivi. Mama ndiye hutafuta mtu wa kulirithi, msiba ukishapoa, akampaka unga wa mtama kwenye paji la uso, na anayelirithi huwa ndiye marehemu amerudi: huitwa alivyoitwa, huheshimiwa alivyoheshimiwa. Mama yao, ambaye mtaa mzima uliendelea kumwita Mama Lukas, aliposikia habari ya gemu alikuja mpaka mlangoni mwa kile chumba. Aliitazama televisheni kitambo.

"Umempa jina mtu asiye na pumzi," alimwambia. "Mimi namtafuta mwenye nayo."

Akaenda zake. Cletus ilimuuma, lakini jina hakulifuta.

Sasa sehemu ya pili ikawashwa, chumba kimefurika. Jawad alikaa pembeni kusoma maandishi ya Kiingereza na kuwafasiria. Cletus akaanza kupima kwa sauti, kama kawaida yake. Farasi wapo, vizuri. Mvua inanyesha na tope linateleza, vizuri sana. Upanga una uzito, ukipiga mfupa unasikia. Ila shujaa anachoka, anataka kula, anataka kulala, huo ni usumbufu. Na kubwa zaidi, shujaa mwenyewe ni kijana mpya asiye na jina, mchuuzi wa chumvi mwenye mzigo mgongoni. Kadi imesomwa, lakini Lukas hayupo. Jawad akasoma kwamba shujaa wa zamani atakutana nao mbele ya safari.

Cletus akakaza mwendo. Jambazi la kwanza alilipasua tumbo, na halikugeuka moshi. Lilibaki palepale likijikokota, damu ikichanganyika na tope, likasema maneno ambayo Jawad aliyafasiri kwa shingo upande: linamwomba asiliue, lina watoto. Cletus akalimaliza, akasema hiyo kasoro, gemu gani la kulialia. Kijijini humo kwenye gemu, mwuza mikate alimwona mchuuzi ana damu mikononi akafunga dirisha. Kasoro nyingine, akasema Cletus.

"Hapo ndipo penyewe," alidakia Kondo kutoka benchi la mbele.

Kondo alikuwa kijana wa Mitole, Kilwa huko, anasukuma mkokoteni sokoni, hana ndugu mjini Lindi. Mdomo wake ulikuwa unatangulia akili, na watu walimpenda kwa hilo. Wakabishana, wa huku wakisema ya kwanza tamu, wa kule wakisema hii ndiyo ya watu wazima.

Kisha mchuuzi wa chumvi akafika kwenye bonde. Njia nzima ilikuwa imetapakaa maiti, wengine wamekufa mikono ikiwa juu. Aliyesimama katikati yao alifunga kitambaa usoni, upanga unachuruzika, na juu ya kichwa chake pameandikwa LUKAS. Jawad alisita. Cletus akamwambia asome.

"Anasema weka mzigo chini, ama ulaze shingo." Jawad akashuka kwenye maandishi ya chini. "Hapa wameandika gemu limehesabu wote uliowaua kwenye ile ya kwanza. Waliosalimu amri pia. Ndiyo maana amekuwa hivi."

Chumba kikanyamaza. Kondo akacheka, kwa kuwa ukimya humwasha.

"Kumbe mwaka mzima tunamlilia jambazi."

Cletus alimpiga usoni kwa pedi ya kuchezea gemu kabla kicheko hakijaisha. Kondo akaanguka kati ya mabenchi, na Cletus akanyakua stuli. Pigo la kwanza lilimng'oa meno. La pili lilimpata begani. Watu walikanyagana kukimbilia mlango, na yeye hakuwaona, alikuwa na furaha mbaya, ile furaha ya kupata mtu mwenye nyama. Kondo akapiga magoti, damu inamtoka puani na mdomoni, akainua mkono.

"Kaka, basi."

Cletus aliuona ule mkono. Aliuona vizuri, akashusha stuli juu yake, na mfupa ukavunjika kwa mlio ambao watu wa barazani waliusikia. Ndipo Jawad na wenzake wakamwangusha chini na kumkalia.

Mama Lukas aliitwa, akaja mbio kutoka nyumbani, kanga moja begani. Alimkuta Kondo ameegemea ukuta, mkono umepinda pasipo kiungo. Aliitazama televisheni, ambako yule mtu bado alisubiri jibu. Akamtuma Jawad duka la jirani alete unga wa mtama, na aandae gari la hospitali. Akachota unga kidogo, akampaka Kondo kwenye paji la uso, ukashikana na damu.

"Nimetafuta mwaka mzima," alisema. "Huyu pumzi anayo bado, hukuimaliza, Cletus. Mwanangu Kondo, unakubali kuwa Lukas?"

Kondo alimtazama, akaitikia kwa kichwa. Mama akamgeukia Cletus, aliyekuwa bado kifudifudi.

"Msalimie kaka yako."

Kondo alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Cletus akalia kwa sauti mbele za watu, kisha akasema shikamoo. Marahaba ilitoka na damu.

Polisi hawakuitwa, kwa kuwa Kondo alikataa. Kila asubuhi Cletus alipeleka uji wodini, akamnywesha kwa kijiko, akamwosha. Siku moja Jawad akaja hapo. Basi la Dar lilikuwa linaondoka, mjomba anataka jibu: sidii irudi au ibaki? Cletus alikuwa nalo jibu mdomoni. Akatazama ule mkono uliofungwa plasta.

"Muulize kaka," alisema.

Kondo alitafuta maneno polepole kati ya meno yaliyosalia, akimtazama Cletus.

"Nilipoinua mkono, uliniona?"

"Nilikuona."

"Na wale walioinua mikono kwenye ile ya kwanza, uliwahi kuwaona?"

Cletus akatikisa kichwa kukataa.

"Iache ibaki," Kondo alimwambia Jawad, akafungua kinywa apewe uji.