Harusi ya Uwanja wa Kisimani

Kadi zilipotoka kwa mchapaji, Hajira alizisoma mara mbili, kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, umeandika Uwanja wa Kisimani. Si umefungwa?"

"Umefungwa," Bi Nasma akajibu. "Na harusi yako ni baada ya wiki sita."

Uwanja ule, ulio mtaani kwao Mchafukoge, ulikuwa umezungushiwa mabati, mwaka wa pili sasa. Ukarabati ulishakwisha, ukichungulia kwenye matundu uliona mabenchi mapya na taa. Ila lango lilikuwa na kufuli, na kila aliyeuliza aliambiwa barua ya kuufungua inasubiri sahihi. Wazee walihamishia bao lao vibarazani. Wenye misiba walitandika majamvi barabarani, bajaji zikiwapigia honi.

Bi Nasma aliolewa pale. Mama yake pia.

Jumatatu alivaa baibui, akaenda ofisi ya manispaa na kadi. Ofisa aliyehusika, kijana aitwaye Benedict, alimwamkia, akaisoma, akatabasamu.

"Lakini mama, hapa hapajafunguliwa."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimekualika wewe."

Jumatatu ya pili alikwenda na jirani yake Angelina, fundi cherehani mzaliwa wa Songea. Ya tatu walikuwa wanawake kumi na wawili, kila mmoja na kadi mkononi. Walisalimia, wakaketi, wakangoja mpaka ofisi ikafungwa. Hawakugombana na mtu. Wiki ya tano walijaa mpaka kwenye ngazi, na mkuu wa Benedict akashuka kuuliza kuna msiba gani.

"Hakuna msiba, baba," Angelina akasema. "Kuna harusi. Tunaomba sahihi."

Alhamisi ya wiki ya harusi, mafundi walikuja kung'oa mabati. Bi Nasma alikuwa akichagua mchele alipoitwa. Alifika na ungo wake, akasimama katikati ya uwanja, akalia mbele ya watu wote, wala hakujifuta.

Jumamosi Hajira aliingia kwa matarumbeta, wanawake wakimfuata wamevaa sare aliyoshona Angelina. Wachuuzi waliokuwa wakipita kutoka Kariakoo walitua mizigo yao, wakaingia kucheza. Benedict alikuja na mkewe, amevaa suti, anaona haya kidogo. Bi Nasma alimshika mkono, akampeleka kiti cha mbele.

"Kula kwanza, mwanangu. Halafu utacheza."

Alikula, akacheza. Matarumbeta yalinyamaza kwa adhana ya magharibi tu. Watu walipomaliza kusali, wakayataka tena.