Kijiko kwa Kijiko

Kama kuna kitu fundi rangi alikichukia kuliko mteja anayebadili rangi ukuta ukishakauka, ni kitunguu saumu. Si kutopenda tu; watu hawapendi mambo mengi na wanaishi. Yeye harufu ikimpitia, mate yanamjaa mdomoni, roho inamchafuka, na asipowahi nje ni aibu tupu. Alimwambia mkewe mapema, kabla ya ndoa, na mkewe akasema sawa. Miaka ishirini na saba saumu haikuvuka kizingiti cha nyumba ile.

Leo ilikuwa jikoni, vichwa viwili vizima, na aliyekuwa akiimenya ni yeye mwenyewe.

Ugonjwa wa koo ndio uliomfikisha hapo. Mkewe alimaliza matibabu ya mionzi wiki tatu zilizopita, uvimbe ukaisha, lakini kula akagoma. Uji anausukuma. Supu anaitazama mpaka inapoa. Daktari hakuuma maneno: Ijumaa atampima, na akikuta amepungua hata nusu kilo, atampitishia mpira puani chakula kipite humo. Mkewe aliposikia habari za mpira aligeukia ukutani. Walipofika nyumbani fundi akamuuliza anataka kula nini, ndipo alipotamka. Viazi vya kuponda, laini, vyenye malai na saumu nyingi, kama alivyokuwa akila kwao kabla hajaolewa.

"Saumu?" fundi akauliza.

"Si umeniuliza mwenyewe."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi akainama.

Alichemsha viazi pamoja na punje za saumu kwenye maji ya chumvi, kama alivyoelekezwa. Lo, ule mvuke! Ulimpanda usoni, ukamwingia kwenye masharubu, ukakaa humo kama mgeni aliyekuja na mabegi. Akafungua madirisha yote. Akajifunga puani kitambaa anachovaa akipiga kuta msasa, wapi. Mara mbili alitoka uani, akaegemea ukuta, akatema mate, akarudi.

Vilipoiva akamwaga maji, akatia siagi, maziwa ya moto na malai. Hapo ndipo ujuzi wake ulipomponza. Kwa fundi rangi donge ni fedheha; ndoo yenye madonge haigusi ukuta wake ng'o. Mwiko akauona unamchelewesha. Akaenda stoo akatoa fimbo mpya ya kukorogea rangi, bado imo kwenye nailoni yake, akaiosha kwa maji ya moto, akaifunga kwenye drili na kuisokomeza sufuriani.

"Unatoboa ukuta au unapika?" mkewe akauliza kutoka sebuleni, kwa ile sauti yake iliyobaki nusu.

"Napika."

Alikoroga dakika nne nzima. Sasa nani amwambie kwamba viazi si rangi, na ukivikoroga kwa nguvu namna hiyo vinageuka gundi? Alipoinua fimbo, kitu kizito cha kijivu kiliinuka nayo, kikaning'inia, kikavutika kama kamasi za mtoto mwenye mafua. Harufu ikafuata nyuma. Safari hii uani hakufika, alitapikia kwenye sinki.

"Mwaga hiyo," mkewe akasema alipoletewa sufuria aione. "Viazi vinapondwa kwa mkono, polepole. Vikilainika, unaviacha."

Akamwaga. Akaanza upya, viazi vingine, saumu nyingine, vidole vyake vyenyewe vinanuka kiasi kwamba alikuwa anajionea kinyaa. Akaponda kwa mwiko, taratibu, huku amegeuza shingo pembeni. Vikatoka vyeupe, laini, vinang'aa siagi. Akampelekea bakuli.

Mkewe akachota, akaweka mdomoni, akangoja. Uso ukamwanguka.

"Sisikii kitu," akasema. "Nilijua ulimi umekufa, lakini nikawaza, kama kuna kitu kitapenya ni saumu. Ni kama nameza pamba iliyolowa. Chukua, mzee wangu. Siwezi."

Fundi alitazama lile bakuli, akatazama ile shingo iliyobaki mishipa mitupu, akauona akilini na ule mpira wa daktari. Akaenda jikoni akarudi na kijiko cha pili. Akajikaza kisabuni, akachota, akatia mdomoni.

"Wewe, unafanya nini?"

Machozi yalikuwa yanamtoka. Akameza kwa shida.

"Siagi inatangulia, inateleza," akasema. "Halafu saumu. Haichomi. Ina utamu, mama watoto, utamu wa kitu kilichoanza kuoza. Unapanda puani, unakaa. Mungu anisamehe, inachukiza."

Mkewe akafumba macho. Mkono ukarudi kwenye kijiko.

"Inakaa puani?"

"Inakaa. Haitoki."

Akachota, akameza. "Endelea."

Fundi akaendelea. Akinyamaza, mkewe anasita. Akila na kusema, mkewe anakula. Hakumdanganya hata mara moja. Alimwambia ilivyojipaka kwenye fizi, ilivyopanda tena kwa mbeuo, ilivyomfanya atamani kujing'oa ulimi, na mkewe anatafuna taratibu kama mtu anayesikiliza habari za kwao. Jasho lilimlowesha shati mpaka bakuli likaisha.

"Kesho zidisha saumu," mkewe akasema, akijifuta mdomo. "Leo hukunieleza vizuri."

Fundi rangi aliitikia kwa kichwa tu, mkono umebana tumbo, kwa sababu angefungua mdomo viazi vingerudi vyote.