Mchango Ambao Sikuwa Nimeufanya

Usiku wa jana niliota nimeitwa kukagua michango yangu kwenye mti wa ukoo, ule tunaoujaza mtandaoni. Ukurasa umegeuka darasa la shule ya msingi kule Usangi. Kila nilichowahi kuandika kimekaa kwenye dawati lake, kwa tarehe.

Vyote vinasimama. "Shikamoo, mwandishi."

Naitikia kwa sauti ndogo. Naona aibu.

Msimamizi ni kile kishale cha kwenye kompyuta. Anawaka na kuzimika, kwa hiyo anaongea pale tu anapoonekana.

"Mchango usiokubaliwa na mwenyewe," anazimika, anawaka, "unafutwa leo mchana."

Napita nikitia sahihi. Mwaka 1938 amevaa koti la mvua na amenuna.

"Umesema bibi yako alizaliwa kwangu. Nani alikwambia?"

"Nilikisia. Samahani."

"Mimi sina kinyongo. Ila 1936 ameumia sana."

Dawati la mwisho limekaliwa na mchango mdogo, miguu yake haifiki sakafuni. Umeandikwa: Mtoto wa kwanza wa Bibi Nakijwa.

"Huu si wangu," namwambia msimamizi. "Mtoto wa kwanza ni mama yangu. Nilimwandika mwenyewe."

"Ni wako," unasema mchango. "Ila bado hujanifanya."

Sasa tuko jikoni kwa bibi, madawati na yote. Bibi, aliyefariki miaka minne iliyopita, anakoroga makande.

"Mke mwenza," ananiita, kama alivyoniita tangu nizaliwe, "umekonda. Unakula hizo kompyuta?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nishikie mwiko."

Naushika. Moshi ni ule ule wa likizo za Desemba, unaobaki kwenye sweta hadi shule zifunguliwe. Sijui nimekaaje miaka minne bila kuunusa.

"Bibi, ulizaa wangapi?"

"Umeandika wangapi?"

"Sita."

Anaonja chumvi. "Kila Krismasi nilipakua sahani moja zaidi. Mlidhani ya nani?"

"Ya mgeni."

"Mgeni gani huyo, miaka yote haji?"

"Sisi tulikuwa tunaigombania."

"Nilikuwa nafurahi mkiigombania." Anapangusa jicho, labda kwa moshi. "Anaitwa Namsifu. Alikaa siku tisa. Mama mkwe akasema asitajwe, ili watakaofuata wakae. Wakakaa. Mimi nikanyamaza."

"Muda," anasema kishale. Anazimika. Anawaka. "Umekwisha."

Anaunyooshea mchango mdogo kidole. Miguu yake imeanza kufifia.

Mimi chuoni sijawahi kunyoosha mkono darasani, hata jibu nikiwa nalijua. Napiga kelele hadi sufuria inatikisika: "Ni wangu! Namsifu ni wangu!"

Msimamizi anawaka na kubaki anawaka. Mchango unashuka kwenye dawati, unachukua sahani, unakula makande yote.

"Chumvi kidogo," unasema.

"Huyo kweli wa kwangu," anasema bibi.

Nikaamka kumekucha, nikafungua simu. Orodha ya michango yangu ilikuwa vilevile. Kwenye orodha ya ukoo mzima kulikuwa na mstari mmoja mpya, wa saa kumi na moja alfajiri. Ni wa mama, niliyemwalika tangu mwaka juzi na hajawahi kugusa chochote.

Amejitoa kwenye nafasi ya mtoto wa kwanza, amejiandika wa pili. Ya kwanza ameiacha wazi.