Ruhusa ya Mama

Silvana alikuwa na tiketi ya basi la Kirando, na huko mchumba wake Kornel alikuwa ameshapiga chokaa nyumba watakayoishi. Kilichomshikilia Sumbawanga ni ukuta.

Ukuta wenyewe uko maktaba, alikofanya kazi ya kuhudumia wasomaji. Wamechorwa wanawake wakipura ulezi, na wa katikati ni mama yake, marehemu Bertilla. Ukielekeza kamera ya simu kwenye mchoro, mama anaamka ndani ya kioo cha simu. Anaweka fimbo chini, anapiga magoti, anapiga makofi taratibu kama wafanyavyo Wafipa wakisalimia, kisha anauliza, "Mmeamkaje? Nyumbani hawajambo?" Ananyamaza akisubiri. Halafu anaanza upya.

Wanafunzi walicheka, wakazima simu, wakaenda zao. Watoto wa siku hizi bwana, salamu ya mtu mzima wanaiacha hewani. Silvana hakuweza. Kila simu ilipoinuliwa aliacha vitabu, akapiga magoti, akajibu. Ndivyo alivyolelewa: mzazi akikusalimia, huondoki mpaka akuruhusu. Na huyu haruhusu. Safari ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, hadi Kornel akawa anaongea naye kama mtu aliyechoka kungoja. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa; hawakusema anayeishika anakuwa nani.

Mwishowe alimfuata Evans, fundi kutoka Dar aliyeutengeneza mchoro ule. Akamkumbusha kwamba siku ya kumrekodi mama, angali hai, ni yeye Silvana aliyesimama nyuma ya kamera akisalimiwa. Silvana alijibu salamu, na mama akamalizia kwa kumwambia aende salama. Sasa alikitaka kipande hicho cha video.

Evans alikuna kichwa. Siku ile alidhani mama aliponyamaza alikuwa amemaliza.

"Nilikata palepale, dada. Kilichobaki nilifuta, kilikuwa kinajaza nafasi."

Silvana hakumgombeza. Siku ya safari alipitia maktaba, begi mkononi, akainua simu yake mwenyewe. Alipiga magoti, akapiga makofi, akajibu kwamba nyumbani hawajambo.

"Naomba ruhusa niende, mama."

Bertilla alimtazama kimya, viganja vimekutana. Huko stendi honi ya basi ilisikika. Silvana alisubiri.

"Mmeamkaje?" mama aliuliza.

Silvana akaweka begi chini, akajibu.