Mtu wa Kumsemea Umurerwa

Umurerwa alisomea ushauri wa afya ya akili kule Bukavu alikokulia, lakini tangu ahamie Bugarama, kila alikoomba kazi aliulizwa uzoefu, naye hakuwa nao. Kituo kimoja cha afya huko Nyakarenzo kilipomwita kwenye usaili, kilimtaka aje na mtu wa kumsemea. Alimwomba jirani yake, Mzee Bimenyimana wa kiwanda cha saruji, ambaye baada ya kumzika mkewe alikuwa amejifungia ndani.

Mzee alikuja amevaa koti lake la kanisani. Alisimama mbele ya wakubwa, akakohoa.

"Nilikuwa sisemi na muntu," alisema. "Huyu mutoto alikuwa anakuja jioni, anakaa pembeni yangu, hanilazimishi kitu. Siku moja nikalia, kisha nikaanza kusema. Sasa ninalala, ninakula, na kazini nilirudia."

Mkurugenzi alimgeukia Umurerwa. "Utaanza Jumatatu."

Walipotoka nje, Umurerwa alimshika mzee mikono yote miwili. "Aksanti sana, Papa. Bila wewe nisingeipata hii kazi."

"Hapana, binti yangu," alijibu mzee, machozi yakimlengalenga. "Mimi ndiye nilikuja kukushukuru. Nilikuwa sijui tu nitakushukuru namna gani."